Alipomsoma Kufuli Upya

Mtoto aligeuza shingo upande usiokuwa na mtu. Mama yake alikuwa upande wa kulia, titi nje, anambembeleza, na yeye anatazama kabati.

Kabati ndilo lililokuwa ofisi. Mama alijifungia mle katikati ya nguo, kipaza sauti mdomoni, akiwasomea riwaya watu wanaopenda kusikiliza kuliko kusoma. Mwaka wa nne sasa anamsoma Kufuli, msichana anayefungia majini ya mjini kifuani mwake. Kitabu cha kwanza Kufuli ni mwosha vyombo, anaogopa hata kivuli chake, jini linampanda, analishinda, analifungia. Kila kitabu jini jingine. Kufikia cha tisa amekuwa mwanamke wa kuogopwa, na msomaji naye amemkuzia sauti: nzito, tulivu, haitetemeki.

Sasa sauti hiyo ilitoka kabatini mchana kweupe, mitambo imezimwa.

"Nyamaza, mwanangu."

Na mtoto akanyamaza! Kwa mama analia mpaka anakauka, kwa ile sauti anacheka.

Mama alimkimbilia mama mkwe wake jikoni. "Mama, kuna mwanamke kabatini," akanong'ona.

"Mwanamke? Nilidhani huko hufichwa wanaume." Kisha naye akaisikia, na kicheko kikamfia mdomoni. "Umemkuza mwenyewe, mkwe wangu. Mrudishe utotoni."

Basi mama akaingia kabatini na kitabu cha kwanza, akasoma kwa sauti ile ya zamani, ya woga, na kwa kila ukurasa aliousikia, mwanamke yule akawa mdogo zaidi, akawa msichana, akaanza kutetemeka, na mama akafurahi, akaongeza kasi, hakujiuliza harufu ya nywele zinazoungua inatoka wapi.

"Dada," kile kisauti kikamwambia sikioni, "mbona umenipunguza? Siwezi tena kuyashika haya majini."

Nguo zote zikapepea kwa pamoja, kama watu wamepita wakisukumana.

Mama alitoka mbio, akamkuta mama mkwe amemshika mtoto kwa mikono miwili. "Mbona amekuwa mzito hivi?" Mama akampokea, akaweka sikio kwenye kifua kile kidogo, na humo ndani, nyuma ya pumzi ya mtoto, akasikia watu tisa wakigombania nafasi, wakikanyagana, mmoja anacheka, na mbavu laini za mwanawe zikipanuka chini ya shavu lake, na akatafuta ile sauti nzito ya kitabu cha tisa, akaitafuta kooni, asiipate, akapata yake tu, ya kawaida, inayotetemeka.

"Tokeni humo," akasema. "Ni padogo. Njooni kwangu."

"Mwanangu, usi—" mama mkwe alianza.

Mtoto akawa mwepesi. Akalia kilio chake mwenyewe, akimnyooshea mama yake mikono, yeye mama yake na si kabati, na mama hakuweza hata kumwambia nyamaza: alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yanamtiririka, lisije likatoka hata jini moja.