Mstari wa Mwisho kwenye Orodha ya Sauna

Haya yalimpata Annukka, mwalimu wa watoto wadogo, jirani wa mlango wa kushoto katika jengo letu hapa Lahti. Hayakumpata gizani wala msituni. Yalimpata likizoni, jua linawaka, naye ana taulo tu.

Kila Julai Annukka, mumewe Tarmo na binti yao Pihla walikuwa wakienda Yyteri, ufukweni, kwenye ule mchanga usio na mwisho. Mwaka jana Tarmo aliingia baharini asubuhi na hakutoka. Walimpata siku ya tatu. Annukka alimtambua kwa mguu wa kushoto, maana kidole chake cha mwisho kilikwenda na shoka miaka mingi nyuma, siku aliyopasua kuni huku akipiga soga. Mguu ule ulikuwa na vidole vinne.

Kwa hiyo mwaka huu Annukka alifungua ramani akatafuta mji ulio mbali na maji ya chumvi. Akachagua Rovaniemi, kaskazini kabisa. Wenzake shuleni walimtania kwamba watu wote wanakimbilia ufukweni, yeye anakimbilia mbu. Akacheka nao. Pihla, mwenye miaka tisa, hakucheka. Aliuliza mara moja tu.

"Mama, tusipoenda ufukweni, baba atatupata wapi?"

Annukka alikuwa anakunja soksi. Alijifanya hajasikia, akaendelea kukunja hata zile zilizokuwa zimekwisha kukunjwa.

Nyumba ya kufikia waliipata bure. Binamu yake Teuvo anaishi Rovaniemi, na yeye alikuwa anakwenda zake kisiwani Rhodes kuota jua, akawa anahitaji mtu wa kumwagilia maua. Alitoa maagizo kwa simu akiwa uwanja wa ndege: funguo ziko wapi, takataka zinatolewa siku gani, na kwamba zamu yake ya sauna ya jengo, kile chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, ni Jumamosi saa kumi na moja jioni.

"Na ule mstari wa mwisho kwenye orodha, Annu, usiuguse," alisema, huku matangazo ya ndege yakimmeza.

Annukka hakuuliza. Kila jengo lina mzee mmoja anayelinda zamu yake ya sauna kwa jino na ukucha, na alidhani hayo ndiyo mambo yenyewe.

Siku tatu za kwanza zilikuwa njema. Walikula nyama ya kulungu na viazi vya kuponda, wakatembea darajani, wakaumwa na mbu mpaka masikio yakavimba. Jua halikuzama hata kidogo, kama ilivyo kaskazini kule wakati wa kiangazi, na Pihla alilala amefunika macho kwa kofia. Annukka naye akaanza kupata usingizi, jambo ambalo lilikuwa limemhama tangu mwaka jana. Akajiona amefanya uamuzi wa maana.

Jumamosi basi liliwapita kituoni. Walipofika nyumbani ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na zamu yao imekwisha kupita. Pihla akanuna. Jumamosi bila sauna si Jumamosi, na mama yake aliona vivyo hivyo. Wakashuka chini kabisa, kwenye ghorofa iliyo chini ya ardhi, kuangalia kama kuna nafasi.

Orodha ilibandikwa mlangoni, na kalamu ilining'inia kwa uzi. Majina ya majirani yalipangana, kila jina na saa yake. Mstari wa mwisho, saa mbili hadi saa tatu usiku, ulikuwa mtupu. Annukka akafunua karatasi za wiki zilizopita zilizobanwa chini yake. Mtupu. Mtupu. Mtupu tena. Maneno ya Teuvo yalimjia, lakini akaona ni upuuzi kuacha jiko likiwaka saa nzima bila mtu. Akashika kalamu akaandika: Annukka na Pihla.

Saa mbili kamili waliingia. Nje jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Mle ndani hamna dirisha, ila taa moja dhaifu chini ya benchi. Mawe yalikuwa ya moto sana na ndoo ilikuwa imejaa maji pomoni. Annukka alipanda benchi la juu, akaweka miguu kwenye benchi la chini. Pihla akakaa hilo la chini, karibu na miguu ya mama yake, kwa sababu huko joto ni la kuvumilika na yeye ndiye anayependa kushika kata ya kumwagia mawe maji.

Kwenye benchi la juu, kando ya Annukka, palikuwa na maji mahali ambapo mtu alikuwa amekaa. Akadhani ni jirani wa zamu iliyotangulia. Alifumba macho.

Ko-ko.

Mlio mdogo, kama kifundo cha kidole kikigonga ubao. Pihla akachota maji akayamwaga kwenye mawe. Mvuke ukapanda, ukawafunika.

Annukka hakufumbua macho. Tarmo alikuwa na tabia hiyo. Akitaka mvuke hasemi. Anagonga benchi mara mbili, na mtoto anamwaga. Ni mabomba, alijiambia. Majengo haya ni ya zamani.

Ko-ko.

Pihla akamwaga tena. Safari hii alimwaga haraka, kwa furaha, kama zamani.

"Mama," alinong'ona. "Wewe una miguu mingapi?"

"Miwili. Kwa nini?"

"Na hii ya upande huu?"

Annukka alifumbua macho. Kando yake hapakuwa na mtu. Lakini ubao ulikuwa umebonyea. Umebonyea kidogo tu. Na bega lake la upande ule lilikuwa baridi.

"Huu wa kushoto," Pihla alisema, sauti chini kabisa, "una vidole vinne."

Annukka alishuka. Hakukumbuka alivyoshuka. Alimshika mtoto mkono, akasukuma mlango, akaufunga kwa mgongo. Walisimama koridoni, uchi, taulo mkononi, maji yakiwatiririka. Nyuma ya mlango, taratibu, bila haraka yoyote:

Ko-ko.

Kwenye chumba cha kuanikia nguo, hapo hapo jirani, mama mmoja alikuwa akikunja mashuka. Walikuwa wameshasalimiana naye ngazini mara mbili: Bi Kerttu wa ghorofa ya kwanza, mjane, mtu wa maneno machache. Aliwatazama. Kisha akatazama saa ukutani, kisha orodha. Shuka likamponyoka.

"Nani kawaambia muingie saa hii?"

Bi Kerttu alimfunika Pihla kwa shuka kavu, akamvuta mama yake pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini. Saa ya mwisho jengo hili huwaachia waliotangulia. Wanawashiwa jiko, wanajaziwa ndoo, wanaachwa peke yao, na hawamsumbui mtu. Anayeingia katika saa hiyo humkuta wa kwake. Yeye mwenyewe aliwahi kutamani kuingia, akasimama na mkono kwenye kitasa, akarudi.

"Kumkuta si neno," alisema. "Nani alimmwagia maji?"

"Pihla."

Bi Kerttu aliitazama tena saa ya ukutani.

"Basi huyo mtoto ndiye mwenyeji wake. Mgeni hufuatana na mwenyeji."

Annukka aligeuka kumtazama binti yake. Pihla alikuwa amekaa juu ya kikapu cha nguo, anatabasamu peke yake. Nywele zake zilikuwa zinadondosha maji, moja, moja, moja, na chini ya kikapu dimbwi lilikuwa limeanza kutanda. Annukka alizifuta kwa taulo. Akazifuta tena. Hazikukauka. Taulo lilinuka bahari, na alipolikunjua, mchanga ulimwagika sakafuni. Rovaniemi yote haina bahari.

"Baba amesema Jumamosi ijayo atakuja kunichukua tukaogelee," Pihla alisema. "Amesema kule maji si baridi ukishazoea."

Hapo Annukka aliogopa kikweli. Mpaka dakika hiyo alikuwa ameogopa maiti. Sasa aliogopa kumpoteza mtoto, na hofu hizo mbili hazilingani. Akamuuliza Bi Kerttu kama kuna la kufanya.

"Saa haijaisha," mama yule alijibu. "Bado dakika ishirini. Mwenyeji anaweza kubadilika, akipatikana mwingine wa kumhudumia. Ila ujue unachokifanya, binti yangu. Huyo hatakuwa mgeni wa siku moja."

Bi Kerttu alimchukua Pihla kwake, ampe maji ya matunda na andazi. Annukka alibaki koridoni peke yake. Nataka nimsifie hapa, kwa sababu mimi ningekimbia mpaka kituo cha treni na taulo langu. Yeye alikamata kitasa cha mbao, akavuta, akaingia.

Mvuke haukuwa umepungua. Kata ilikuwa imelazwa juu ya ndoo, mpini umeelekea mlangoni, tayari kwa mtu wa kuishika. Annukka alikaa kwenye benchi la chini, pale alipokuwa amekaa mtoto. Hakuinua macho. Aliona miguu. Ilikuwa myeupe sana, ngozi imekunjamana kama ya mtu aliyekaa majini muda mrefu. Vidole vitano. Vidole vinne.

"Tarmo," alisema.

Mawe yalitoa mlio mdogo.

Akayasema yale ambayo hakumwambia mtu. Kwamba asubuhi ile Yyteri walikuwa wamegombana kwa jambo la kijinga, nani amesahau mafuta ya jua. Kwamba Tarmo alimwomba waingie wote majini, naye akamjibu nenda peke yako, na kama unapenda usirudi. Kwamba alilisema bila kumaanisha, na kwamba kila siku tangu hapo alikuwa akilisikia. Alilia huku anasema, na jasho na machozi vikachanganyika.

"Mimi ndiye mwenyeji wako," alimaliza. "Mtoto muache."

Ko-ko.

Alichota, akamwaga. Mvuke ukamkumba usoni, nao ulikuwa baridi. Ukanuka chumvi.

Ko-ko. Akamwaga.

Ko-ko. Akamwaga. Alimwaga mpaka kata ikakwaruza sakafu ya ndoo. Kisha kitu kikalala begani mwake, taratibu, kizito, kimelowa. Hakuruka. Aliujua uzito wake. Maneno yalikuja karibu kabisa na sikio.

"Utakuja?"

Mtu mwingine angedanganya. Annukka aliona kwamba uongo hautafika mbali mahali pale.

"Nitakuja. Si sasa. Pihla akue kwanza."

Alingoja. Jasho lilimkauka mwilini. Saa ya koridoni ilisikika kupitia mlangoni, tiki, tiki, karibu na saa tatu.

Ko.

Mara moja. Katika ndoa yao ya miaka kumi na miwili Tarmo hakuwahi kugonga mara moja.

Uzito ukaondoka begani. Ubao wa juu ukalia, ukanyooka. Annukka alipoinua macho hakuona mtu, na jiko likajizima lenyewe kwa wakati wake.

Ghorofani, Pihla alikuwa anakula andazi la pili jikoni kwa Bi Kerttu, nywele zimekauka na kusimama kila upande. Alilalamika kwamba wamekosa sauna Jumamosi nzima na kwamba kosa ni la basi. Hakukumbuka kitu. Annukka alimkumbatia mpaka mtoto akasema anamuumiza. Bi Kerttu alisimama dirishani, ameupa mgongo mlango wa ngazi.

Walirudi Lahti Jumatatu. Teuvo alipiga simu kutoka Rhodes, mgongo umeungua, akataka kujua hali ya maua yake. Annukka alimwambia maua ni mazima. Wiki ilipita salama. Pihla alicheza, akagombana na wenzake, akakata tamaa na hesabu za likizo, akawa mtoto kama watoto. Annukka akaanza kuamini kwamba yamekwisha.

Jumamosi alishuka chini ya jengo letu kuandika zamu yao. Sisi hapa hatuna desturi ile. Zamu zetu zinaisha saa moja, na baada ya hapo jiko linazimwa. Orodha yetu haina mstari wa saa mbili. Siku ile ulikuwepo. Ulichorwa kwa mkono chini ya majina yote, mbichi, wino umetawanyika kidogo kwa unyevunyevu.

Annukka alitafuta jina la Pihla kwanza. Alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, mara mbili. Halikuwepo. Alishusha pumzi ndefu, na mimi, niliyekuwa nyuma yake nikingoja kalamu, nilidhani anafurahia nafasi iliyobaki.

Kwenye mstari ule kulikuwa na jina moja tu, Annukka, kwa mwandiko wa Tarmo, zile K mbili zimeegemeana kama alivyoziandika siku zote. Mbele yake palikuwa na tarehe. Haikuwa ya wiki ile. Ilikuwa tarehe tatu Mei, ya mwaka ambao bado uko mbali. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti.

Siku hiyo Pihla atatimiza miaka kumi na minane.