Swali Kwenye Bomba la Hewa

Boti ilikuwa imekaa nchi kavu karibu miaka miwili, juu ya trela, nyuma ya karakana ya Momanyi pale Nyakoe, na tone la mvua halikuwa limeigusa kwa sababu aliifunika turubai mbili. Sasa maji yalitoka wapi?

Aliyaona Jumatatu asubuhi alipofungua mfuniko wa chumba cha injini. Yamelala kwenye tumbo la boti, meusi, kimo cha kidole. Akachovya, akanusa. Omena na petroli. Na kutoka Nyakoe mpaka ziwani ni zaidi ya saa nzima kwa gari.

"Labda umande," akajiambia. Lakini umande gani unanuka samaki?

Akayakausha kwa tambara. Jumanne yakarudi.

Boti hiyo ya mbio ilikuwa ya Thadeus, mfanyabiashara wa Kisii mjini anayependa mashindano kuliko chakula. Miaka miwili iliyopita ilizama ziwani ikipiga kona, na aliyekuwa akiiendesha ni Nyasani, mdogo wake Momanyi, wa tumbo moja. Boti walifanikiwa kuitoa. Nyasani hakutoka. Walipata kofia yake tu, na kofia haizikwi. Huko kwao Manga, mtu asiye na kaburi shambani mwake ni kama mgeni aliyeachwa nje ya mlango, hana ruhusa ya kuingia wala ya kwenda. Wazee walimshauri mjane wake, Nyanchama, azike mgomba mahali pa maiti, kama wengine walivyofanya zamani.

"Sikuolewa na mgomba," Nyanchama aliwajibu, na mkutano ukaisha hapo.

Sasa Thadeus alitaka boti irudi majini. "Fundi, mabomba yote ulifunga wewe," alisema kwa simu. "Tafuta hayo maji yanapita wapi. Desemba nataka kushindana."

"Nitatafuta, mkubwa."

Momanyi alikuwa na njia yake ya kutafuta. Alikausha tumbo lote la boti, halafu akanyunyiza unga wa mawe ya Tabaka, ule unaobaki wachongaji wakipiga msasa, mwepesi kama poda ya mtoto. Maji yakipita hapo lazima yaache mstari. Akafunika, akaenda kunywa chai.

Saa tisa mvua ya kila siku ilishuka kutoka Manga. Ilipokatika alirudi, akafunua. Turubai kavu. Ubavu wa boti nje, mkavu. Ndani, kwenye unga, kulikuwa na mstari mmoja mwembamba, uliotoka mdomoni mwa bomba la hewa, ule mpira mnene unaoleta upepo kwenye injini kutoka tundu la ubavuni. Akaufuata kwa macho. Mstari haukuteremka. Ulipanda ukuta wa faiba, ukazunguka injini, ukaishia pale mtu angeweka mkono kama anajivuta atoke nje.

Akasogeza sikio kwenye mpira. Akasikia pumzi. Ikaingia, ikatoka. Halafu sauti, ndogo, yenye maji kooni:

"Umesoma?"

Aliruka akagonga kichwa kwenye mfuniko.

Mwanzoni alidhani ni watu wa sokoni wanamcheka. Maana Momanyi, mtu wa miaka hamsini na mbili, alikuwa ameanza gumbaru, kujifunza kusoma ukubwani. Kila Jumapili alasiri aliketi kwenye benchi nyuma ya kanisa na wazee wenzake, na mwalimu wao alikuwa Nyanchama mwenyewe, mke wa marehemu, ambaye siku nyingine alifundisha shule ya msingi. "Shemeji, usimeze maneno," angemwambia. "Yatafune." Na sasa Momanyi alisoma kila kitu: paketi ya unga, madigadi ya boda boda, tangazo la kiwanda cha chai. Alisoma mpaka wanawake wa ndizi wakamwita Profesa. Hakukasirika. Alilipenda hilo jina.

Alichungulia nyuma ya karakana. Hakuna mtu.

Jumatano Thadeus alikuja mwenyewe, na viatu vyeupe. Akapanda boti, akainamisha kichwa, na ile sauti ikauliza tena.

"Ni panya," Thadeus alisema, rangi imemtoka.

"Panya anajua Kiswahili, mkubwa?"

Thadeus alishuka upande usio na ngazi. Akaondoka bila kuaga.

Alhamisi Momanyi alivuta kofia mpaka machoni, akapanda boda hadi Ekerenyo kwa Bitutu, mama mzee ambaye ni omoragori, wale wanaoulizwa mambo ya waliokufa. Bitutu alimtazama, akacheka kwa pua.

"Si wewe ni Sabato? Kwangu unatafuta nini?"

"Maji, mong'ina. Natafuta maji yanatoka wapi."

Akasikiliza habari yote huku akipepeta wimbi kwenye uteo. Punje zilipotulia alizitazama muda mrefu, akaacha kucheka.

"Jini la ziwani ningelitoa na moshi na kuku mmoja, saa hii ungekuwa unarudi kwako. Huyu si wa kutolewa hivyo. Anauliza. Mtu akiuliza anajibiwa."

"Nilimjibu. Nilisema ndiyo, nimesoma."

"Ulimjibu lini?"

Momanyi alifungua mdomo aseme jana. Lakini siku iliyomjia kichwani haikuwa jana.

"Nenda ujibu ukweli," Bitutu alisema. "Na umjibu mbele ya mtu anayemngoja. Ukijibu peke yako ni kelele tu."

Alirudi Nyakoe mvua ikianza, akaingia moja kwa moja kwenye chumba cha injini, akalala chali, akaanza kuufuata ule mpira kwa mkono, sentimita kwa sentimita, kutoka tundu la ubavuni hadi kwenye injini, na mpira ulikuwa mzima, hauna ufa, klipu zake zimekaza, ulikuwa umenyooka vizuri kama alivyounyoosha yeye miaka miwili iliyopita akijisifu kwamba ameokoa mita nzima ya mpira, na maji ya baridi yakaanza kumpanda mgongoni, na pumzi kwenye mpira ikawa ya haraka, ya mtu anayetafuta hewa, na harufu ya omena ikamjaa mdomoni mpaka akageuza uso apate pa kupumulia, na hapo, juu ya pua yake, ndani ya mfuniko, akaiona karatasi.

Ilikuwa imefungwa kwa nailoni. Aliijua. Mafundi wa Mombasa walioijenga boti waliibandika pale, na siku ile alipofunga mabomba aliitazama vile unavyotazama picha ya watu usiowajua. Sasa herufi zilimjia zenyewe, hakuweza kuzizuia. Akazitafuna moja moja kama alivyofundishwa.

*Mpira wa hewa upande kwanza hadi juu kabisa, ukunjwe kama shingo ya bata, ndipo ushuke kwenye injini. Usinyooshwe. Ukinyooshwa, boti ikipiga kona kwa kasi mawimbi yatapita humo na itajaa.*

Akamkumbuka Nyasani amesimama kando ya trela, anakula muwa. "Kaka, kuna karatasi hapo. Umesoma?"

"Nimesoma, bwana. Wewe endesha tu."

Angeweza kuing'oa ile karatasi. Kisu kilikuwa mfukoni. Jiko la jirani lilikuwa linawaka. Hakuna mtu duniani angejua, na Jumapili angekaa kwenye benchi lake, Profesa. Alikitoa kisu. Akakifungua.

"Umesoma?" bomba likauliza, na safari hii ilikuwa sauti ya mdogo wake waziwazi, wala haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja.

Akarudisha kisu. Akapiga simu.

Nyanchama alikuja chini ya mwavuli, chaki kwenye vidole. "Shemeji, umenitoa darasani. Kuna nini?"

"Panda, mwalimu. Soma hapo."

Alisoma kimya. Alisoma mara ya pili, kidole kikifuata mistari. Mvua ikakatika.

"Hii karatasi ilikuwa hapa siku hiyo?"

"Ilikuwa."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia nimesoma." Momanyi alikuwa amepiga magoti ndani ya maji. "Niliona aibu, Nyanchama. Yeye alifika kidato cha nne. Mimi ni mkubwa wake."

Bomba la hewa lilivuta pumzi moja ndefu, ndefu kuliko kifua cha mtu, halafu likaiachilia, na maji yote yaliyokuwa kwenye tumbo la boti yakatoka kwa tundu la ubavuni kwa kishindo. Yakaanguka chini. Hapo Nyakoe ardhi inateremkia barabarani, maji yanajua njia, lakini haya hayakwenda barabarani. Yalipanda kidogo kidogo yakasimama mbele ya trela. Nyanchama alishuka. Akavua viatu, akaingia ndani yake, akasimama hivyo kama mke aliyekutana na mtu wake njiani, mpaka udongo ukayanywa yote.

Kisha akafungua leso yake, akainama, akachota ule udongo kwa mikono miwili. Akaufunga fundo.

"Nimepata cha kuzika," alisema. "Jumapili tunazika Manga."

"Jumapili nitakuja mapema," Momanyi alisema. "Kaburi ni langu kuchimba. Mimi ndiye kaka."

Nyanchama alivaa viatu taratibu, mguu mmoja, wa pili. "Usije."

"Nyanchama, watu watauliza niko wapi."

"Nitawasomea karatasi."

Aliichukua, akaikunja pamoja na leso, akaenda zake.

Boti haikutoa tena sauti wala tone. Ijumaa Momanyi alikata mpira mpya, akaupandisha juu, akaukunja kama shingo ya bata, akaufunga. Thadeus alituma gari, boti ikaondoka.

Jumapili alipanda Manga na jembe begani. Alifika kwenye ua wa mdogo wake kabla ya saa tatu. Ndugu zake walikuwa wamejaa hapo, makoti meusi, na wote walimwona. Hakuna aliyemfukuza. Mmoja tu, binamu yake Masese, alikuja akaufunga mlango wa ua, akaweka kipande cha mti kwenye komeo, akarudi kuchimba.

Momanyi alisimama nje. Alisikia majembe, halafu wimbo, halafu udongo ukirudishwa juu ya udongo. Ilipofika saa sita watu walianza kwenda kula, na hakuna aliyemletea hata kiti.