Jina la Lotfi

Tehit alifukua mkate kutoka mchangani akaukuta umemegwa.

Alikuwa ameufukia mwenyewe, akaufunika kwa mchanga wa moto na makaa juu, kama alivyofanya kila adhuhuri tangu usichana wake. Hakuondoka pale. Sasa mkate umeiva vizuri, ila ukingoni palikosekana kipande cha ukubwa wa kiganja. Palipomegwa napo palikuwa pameiva. Ulimegwa ukiwa chini.

"Panya," alisema kaka yake, Akhamuk, aliyekuwa akiwafunga ngamia miguu. Hakuusogelea.

"Panya gani anamega kwa vidole?"

Wasila alicheka. Alikuwa mfamasia kutoka mji wa Oran, miaka hamsini na mbili, na hii ilikuwa siku yake ya pili jangwani maishani. Msafara ulikuwa wa watu watatu tu: yeye mgeni, Akhamuk kiongozi, Tehit mpishi. Tangu watoke mji wa Djanet, Akhamuk alikuwa akimtania kwamba anatembea kama mtu anayekimbilia basi.

"Mwanangu alikuwa hivyohivyo," alisema. "Mkate haufiki mezani mzima. Safari hii ilikuwa yake, mnajua? Alishapanga kila kitu, kisha akafariki. Lotfi wangu..."

Tehit alimziba mdomo kwa mkono wenye majivu. "Dada, usimtaje! Si huku."

"Ulishamtaja kabla ya sasa?" Akhamuk aliuliza. Utani ulikuwa umemtoka.

"Jana. Kutwa nzima, juu ya ngamia. Nilikuwa namwonyesha milima."

Ndugu wawili wakatazamana.

"Sisi wafu wetu hatuwaiti kwa majina," alisema Akhamuk. "Nyika hii ina wenyewe. Jina la marehemu likianguka, wanaliokota na kulivaa. Kosa ni letu, Mama Wasila. Sisi wenyewe hatuambiani, kila mtu anajua tangu utotoni, ndiyo maana hatukukumbuka kukwambia."

Mkate wakauacha palepale. Walikula tende.

Siku ya tatu upepo ulileta harufu ya mafuta ya mikaratusi. Hakuna mkaratusi kule. Wasila aliijua harufu ile, maana mafuta hayo ndiyo aliyompaka mwanawe kifuani kila msimu wa baridi kwa miaka ishirini na mmoja. Alasiri ngamia wa nyuma alikataa kutembea, na nyuma yake, mahali pasipo na kitu ila kokoto, mtu alikuwa akivuta pumzi kwa shida, kifua kikipiga mluzi.

"Alikuwa na pumu," Wasila alimnong'oneza Tehit walipotua. "Usiku ule nilimeza dawa ya usingizi. Aliniita. Jirani wa juu alimsikia akiita, dada yangu. Jirani! Mimi nilikuwa mlango wa pili."

Tehit hakumpa pole. Alimshika mkono.

"Sikiliza. Kesho jua likisimama kitakuja, wakati huo ndio wao. Kitakuita. Usikipe kitu, usikijibu swali. Sema neno moja: rudisha jina la mwanangu. Litarudi, nacho kitaondoka. Ila chunga ulimi. Usimkane. Wale wanashika neno kama lilivyo, na ukimkana watambeba mzima mzima, hata hapa." Aligusa kifua cha Wasila.

"Nitamkanaje mwanangu?"

"Mimi nakwambia tu."

Adhuhuri ya siku ya nne walijilaza kwenye kivuli cha mwamba. Akhamuk alichomeka kisu mchangani upande wa kila mmoja, maana chuma hawakipendi. Joto liliwalaza wenyeji. Wasila alikuwa macho.

"Mama."

Ilikuwa sauti yake, na ile mikwaruzo ya mwishoni aliyokuwa nayo akiamka. Wasila aliinuka, akavuka kisu bila kukiangalia, akaufuata ule mluzi wa kifua kupita mwamba wa kwanza na wa pili, akapanda tuta la mchanga kwa mikono na magoti, na nyuma yake akasikia Tehit akimwita, mbali, kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima, lakini hakugeuka, kwa sababu chini ya tuta, juani, alikuwa ameketi kijana mwenye shati la bluu aliyempa mgongo, na mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka, na kuzunguka pale alipoketi hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Alilikumbuka neno. Alifungua mdomo alitamke.

"Nilikuita mara tisa," kijana alisema bila kugeuka. "Kwa nini hukuamka?"

Wasila alilia. Alisema hakusikia, alisema ni dawa, na kila alipojibu mabega yale yalisogea karibu zaidi ingawa kijana hakuinuka, mpaka harufu ya mikaratusi ikamjaa kooni naye akakosa hewa, na swali likaja tena, lilelile, kwa upole uleule, kwa nini hukuamka, mama, kwa nini, na hapo kitu ndani yake kilichokuwa kimebeba swali hilo mwaka mzima kikashindwa.

"Mimi si mama yako!" alipiga kelele. "Niache! Sina mtoto mimi!"

Mluzi ukakoma. Tehit alipofika juu ya tuta palikuwa na Wasila peke yake, amekaa, anapumua vizuri.

"Umesema nini?" Tehit aliuliza. "Dada, umekiambia nini?"

"Kimeondoka," alisema Wasila. "Nina njaa."

Tehit alikaa mchangani akalia. Wasila alimtazama, hakujua analia nini.

Jelul, mumewe, alimpokea uwanja wa ndege wa Oran. Alimwona amenawiri, akamshukuru Mungu. Mwaka mzima hakuwa amemwona mkewe akimaliza sahani ya chakula. Jioni alishindwa kujizuia.

"Ulimwona huko? Namaanisha, uliona vitu alivyotaka kuona Lotfi?"

Wasila aliacha kutafuna. Alifuata macho ya mumewe hadi ukutani, kwenye picha ya kijana mwenye shati la bluu. Aliitazama kwa muda, kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha za nyumba ya wenyewe.

"Masikini," alisema. "Ni wa nani?"