Sauti Iliyokataa Sindano

Fartun hakujua kunyamaza, na jambo hilo halikuwa siri. Pale sokoni Isiolo, akina mama wenzake wanaouza maziwa ya ngamia walimtania kwamba hata akilala, ulimi wake unabaki zamuni. Siku hiyo alikuwa nyuma ya mitungi yake akibishana na mteja kutoka Kinna, mara kichwa kikaanza kumgonga. Akaomba Panadol, akameza, akaendelea kubishana. Si mtu wa kushindwa na kichwa, jirani yetu huyo.

Alasiri ilimkuta anatapika, mwanga unamchoma macho na shingo imekataa kuinama. Mumewe Abdiwahid, dereva wa lori, alimwita sheikh aje amsomee. Sheikh alisoma kidogo, akaigusa ile shingo, kisha akasema huyu apelekwe hospitali haraka, dua atamsomea huko huko.

Njiani mwili ukamsaliti. Alisikia honi, akamsikia mama yake, Halimo, akilia kando yake, lakini kope hazikufunguka na kidole hakikuinuka. Akajaribu kuita. Hakuna kilichotoka. Mwanamke wa maneno mengi alikuwa amefungiwa ndani ya mwili wake kama mbuzi zizini, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Wodini, daktari Makena, binti wa Kimeru, aliwaeleza taratibu kwamba anashuku utando unaofunika ubongo umepata maambukizi. Dawa ameshaanza kumpa kwenye mshipa, lakini lazima atoe maji kidogo ya uti wa mgongo ajue ni mdudu gani, maana dawa inayoua mmoja haimgusi mwingine. Abdiwahid akasita. Nani hapa mjini hajasikia habari za sindano ya mgongo? Fulani alidungwa akapooza, fulani alidungwa akafa. Kwamba hao walifikishwa wakiwa wameshachelewa, hilo hakuna anayelikumbuka.

Kubali, Fartun alipiga kelele huko ndani. Abdiwahid, kubali tu.

Ndipo sauti yake ikatoka.

“Sitaki sindano,” ilisema. “Mnirudishe nyumbani.”

Abdiwahid alimshukuru Mungu, machozi yakamtoka. Makena akamwonya kwamba mgonjwa bado hajazinduka, na akitolewa hapa hatapona. Abdiwahid hakusikia. Mke wake amesema mwenyewe, alijibu, na tayari alikuwa na simu sikioni anatafuta gari.

Lakini Fartun hakuwa amesema. Kuna kitu kilikuwa kimeketi nyuma ya ulimi wake. Alikihisi. Kizito. Alipovuta pumzi, nacho kilivuta. Kilipogundua kwamba amekihisi, kikatulia kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

“Mnirudishe nyumbani,” kikasema tena, kwa upole.

Mama Halimo alikuwa anampangusa midomo kwa kitambaa chenye maji. Mkono wake ukasimama. Kitambaa kilikuwa kimefunika mdomo wote. Sauti inaendelea. Chini ya kitambaa, midomo haitikisiki.

Mama akainama hadi sikioni mwa binti yake.

“Fartun, kama uko huko ndani, vumilia,” alinong'ona. “Nimejua huyu si wewe.”

Kisha akamwambia daktari adunge. Abdiwahid alitaka kubisha, akauona uso wa mama mkwe wake, akakubali.

Wakamlaza ubavu. Wakamkunja magoti hadi tumboni. Sauti ikaanza kulia. Ikaomba. Ikamtaja mtoto wao, Hoda, kwa jina. Sindano ikaingia kiunoni. Sauti ikakatika. Maji yaliyopaswa kuwa maangavu yalitoka na ukungu, tone kwa tone, Makena akayakinga kwenye kichupa. Fartun akahisi kile kizito kikiteleza kwenye mgongo wake. Chini. Chini zaidi. Kikatoka.

Maabara ikamtambua mdudu, dawa ikabadilishwa. Siku chache baadaye Fartun alifungua macho akamwona mama yake akichezesha midomo. Hakusikia kitu. Makena alimwandikia kwamba ugonjwa huu huweza kumwacha mtu kiziwi, na huenda masikio yasirudi tena. Fartun alilia sana. Lakini alikuwa hai, na mwili ulikuwa wake.

Walimrudisha nyumbani mchana. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu siku ile, na Hoda alikuwa akilala kwa jirani. Mtoto alimkimbilia langoni, akamshika mkono, akaongea mbio mbio. Fartun hakusikia hata neno moja. Lori lilipita, majirani walimkaribisha, vyote kimya. Abdiwahid akatangulia, akafungua mlango.

“Hoda, njoo,” mtu akasema ndani ya nyumba. “Mama ako huku.”

Fartun alisikia. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Akamgeukia mumewe kwa haraka, akitamani iwe ni kichwa chake tu kinachomchezea. Abdiwahid alikuwa ameangusha funguo.

Hoda akautazama mlango. Akamtazama Fartun. Kisha akauachia mkono wake, akaanza kutembea kuelekea ndani.