Nani Anawapa Ujiji Siri Zetu?

Asubuhi za Joanitha zilikuwa na mpangilio wake. Kwanza ndoo ya maji, kisha ufagio, kisha uji wa bibi yake. Bibi Rozalia hakupokea kikombe kilicholetwa kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia unatoa, wa kushoto unashika kiwiko cha kulia, goti linakunjwa kidogo. Ukisahau, kikombe kinabaki hewani mpaka uji upoe. Joanitha alipokuwa mdogo, uji mwingi ulipoa. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mikono yake ilijua adabu hata yeye mwenyewe akiwa amelala nusu.

Baada ya hapo ilikuwa shule, na baada ya shule, softiboli.

Mchezo huo uliletwa Bangwe na Mwalimu Elinipa, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi. Alishuka na mizigo miwili: mmoja wa nguo, mwingine wa glavu, gongo la kupigia mpira na barakoa ya chuma ya kukinga uso. Majirani walipoiona barakoa walifurahi wakidhani serikali imewaletea fundi wa kuchomelea mageti. Mwalimu aliwaeleza wanafunzi kwamba jina la mchezo maana yake ni mpira mwororo. Selina, rafiki wa Joanitha, aliyeupokea kwa kidevu siku ya kwanza, hakuliamini hilo hata kidogo.

Joanitha ndiye aliyekuwa mrushaji. Aliurusha mpira kwa mkono uliopita chini, kando ya paja, na mpigaji wa upande wa pili akajaribu kuupiga kwa gongo. Nyuma ya mpigaji alichuchumaa mdakaji wa timu yao, na kazi ya mdakaji haikuwa kudaka tu. Alionyesha vidole katikati ya mapaja yake, mahali ambapo mpigaji hawezi kuona. Kidole kimoja: leta mpira wa kasi. Vidole viwili: leta mpira wa pole, ule unaomfanya mpigaji apige upepo kabla mpira haujafika.

Mdakaji huyo aliitwa Marcelina. Alikuja na meli mwaka ule ambao Warundi walivuka ziwa kwa wingi wakikimbia fujo. Wengi walipelekwa kambini. Yeye alibaki Bangwe kwa mama yake mdogo, Regina, aliyeolewa hapo miaka mingi. Kibali chake kilikuwa cha muda, na mtaa mzima ulijua kwamba neno moja tu la mwenyekiti lingetosha kumpandisha kwenye basi la kambini.

Timu ilikwenda vizuri mpaka ilipokutana na wasichana wa Ujiji. Siku hiyo mambo yaliharibika. Mpigaji wao mkubwa, Catherine, hakudanganyika hata mara moja. Mpira wa kasi aliuwahi. Mpira wa pole aliusubiri, ametulia kama mtu anayengoja chai, kisha akaupiga mpaka kwenye mihogo ya watu. Wenzake nao wakafanya vilevile.

"Wanajua," Joanitha alimnong'oneza Selina wakati wa kurudi. "Wanajua kabla sijatupa."

"Watajuaje? Wana majini?"

"Vidole anavionyesha nani?"

Selina akafumba mdomo. Kwa Selina hilo lilikuwa jambo la nadra.

Tangu hapo Joanitha akaanza kumchunguza Marcelina. Na mtu ukishaanza kumchunguza, hakosi kitu. Marcelina akikohoa, ni ishara. Akinyamaza, anaficha. Akicheka, anatucheka sisi. Siku moja baada ya mazoezi Marcelina alimfuata akasema, "Joa, tukae kidogo tuzungumze juu ya mpira wako wa pole. Kuna kitu sikielewi."

"Wewe daka," Joanitha alimjibu. "Kutupa niachie mimi."

"Ego," alisema Marcelina taratibu, yaani ndiyo kwa Kirundi, akaondoka na glavu yake.

Jumanne Joanitha alitumwa Kibirizi kununua dagaa. Wanawake walikuwa wakigeuza dagaa juu ya mchanga, na kunguru wakingoja zamu yao. Pale kwenye meza ya mama mdogo Regina alimwona Marcelina. Mbele yake alisimama Catherine wa Ujiji, yuleyule! Walikuwa wakizungumza Kirundi, wanacheka. Kisha Marcelina akainua mkono, akaonyesha vidole viwili.

Joanitha alirudi nyumbani bila dagaa. Bibi Rozalia alisema mengi kuhusu mboga ya jioni hiyo, lakini mjukuu wake hakuyasikia. Alikuwa ameshakimbilia kwa Selina.

"Nimemkamata! Vidole viwili, mchana kweupe!"

"Alaa! Kumbe!"

"Usimwambie mtu."

"Mimi? Mimi ni kaburi," alisema Selina. Na kweli alimwambia mtu mmoja tu. Bahati mbaya mtu huyo alikuwa baba yake, Mzee Leonardi, mwenyekiti wa mtaa, na mama yake alikuwa jikoni akisikiliza.

Hadi Alhamisi habari ilikuwa imeota miguu na mikia. Kisimani walisema yule mtoto wa ng'ambo anauza siri za shule. Dukani walisema si za shule tu. Mmoja aliapa kwamba chini ya kitanda cha Marcelina kuna redio ya kuongea na watu wa mbali. Mzee Leonardi, mtu asiyependa haraka, alisema, "Jumamosi wanarudiana na Ujiji. Nitakwenda kutazama kwa macho yangu. Nikiona ni kweli, basi la Jumatatu litamchukua."

Joanitha alipoambiwa hivyo, aliliwaza basi la kambini. Lakini alijiambia, "Mimi nilisema nilichokiona." Akapanga mtego.

Mtego wenyewe ulikuwa hivi. Catherine atakapokuja kupiga, Joanitha hatafuata vidole. Marcelina akiomba kasi, yeye atatupa pole. Akiomba pole, atatupa kasi. Kama Catherine anapewa siri na Marcelina, atapotea, na mwenyekiti ataona wazi.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mzee Leonardi aliketi kwenye kiti cha plastiki na mwavuli mweusi. Mama mdogo Regina hakuja. Catherine alishika gongo, akakanyaga mchanga, akatulia.

Marcelina alionyesha vidole viwili. Joanitha alitikisa kichwa kukubali, kisha akatupa kwa nguvu zake zote. Catherine aliuwahi, lakini aliugusa tu kwa ncha ya gongo, na mpira ukapinda kwenda kwa Marcelina, aliyekuwa amefungua mkono kungoja mpira wa pole. Ulimpiga kwenye kidole gumba cha mkono usio na glavu. Kila mtu alisikia ule mlio.

Mwalimu Elinipa alisimama. "Marcelina, toka uangaliwe!"

"Bado, Mwalimu," alisema Marcelina. Aliinua barakoa, akakiweka kidole kinywani, kisha akachuchumaa tena. Hakumwangalia Joanitha vibaya. Alionyesha kidole kimoja.

Joanitha alitupa pole. Catherine hakutikisika. Aliungoja, akaungoja, kisha akaupiga ukatoka nje ya mstari. Ungenyooka kidogo tu, ungekwenda kutafuta tena ile mihogo.

Hapo Joanitha alisimama kama aliyemwagiwa maji. Mpira ule Marcelina hakuujua. Selina hakuujua. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba utakuwa wa pole, na mtu huyo alikuwa amevaa viatu vya Joanitha.

Aliomba muda. Akaenda mpaka kwa mdakaji wake, na njia ile fupi ikawa ndefu. Akamvuta kando, mbali na macho na masikio ya Catherine.

"Marcelina, nimekudanganya. Nilikuwa nakujaribu. Nilidhani unawaambia."

"Najua," alisema Marcelina. Barakoa ilikuwa juu ya kichwa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mtaa mzima umenisema, mimi ni kiziwi?"

"Sasa kwa nini bado unanidakia?"

"Nisipodaka, watasema ndiyo kweli." Akafuta pua kwa bega. "Kuna kitu unafanya, Joa. Nilitaka kukwambia siku ile, lakini nami sikujua ni kitu gani. Hebu tupa bila mpira. Wa kasi kwanza."

Joanitha akarusha mkono mtupu.

"Sasa wa pole."

Joanitha akarusha tena. Marcelina alikodoa macho, kisha, kidole kikiwa kimevimba kama ndizi, akaangua kicheko.

"Yoo! Umeshika kiwiko!"

"Nimeshika nini?"

"Wa kasi unautupa tu. Wa pole, kabla hujautoa, mkono wa kushoto unashika kiwiko cha kulia. Na goti unakunja! Dada, wewe hutupi mpira, unampa bibi uji. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyohivyo, ndiyo maana nilikuwa naona bila kuona."

Joanitha aliutazama mkono wake wa kushoto kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kumbe msaliti alikuwa anakula naye, anaoga naye, na sabuni anamshikia.

"Na kule Kibirizi? Vile vidole viwili?"

"Mabakuli mawili ya dagaa. Mama yake Catherine ni mteja wetu. Nimwonyeshe miguu?"

Wakarudi kila mtu mahali pake. Mpigaji hupewa mipigo mitatu, na mmoja tu ulikuwa umebaki kwa Catherine. Marcelina alionyesha kidole kimoja: kasi. Joanitha akaitikia kwa kichwa, na safari hii hakuwa anadanganya. Akashika kiwiko chake cha kulia kwa adabu zote, akakunja goti kama yuko mbele ya bibi mwenyewe, kisha akaachia mpira mkali kuliko yote ya siku ile. Catherine alikuwa bado anangoja. Gongo lilipiga upepo, na mpira ukalia ndani ya glavu ya Marcelina.

"Hiyo si haki!" Catherine alipiga kelele. "Ameshika kiwiko!"

Uwanja mzima ulisikia. Mzee Leonardi aliufunga mwavuli wake. "Kumbe," alisema, "siri ilikuwa kwenye kiwiko." Akamgeukia binti yake. Selina ghafla aliona kitu cha muhimu sana kwenye kamba za viatu vyake.

Bangwe walishinda, ingawa kwa shida. Lakini Joanitha hakukaa kushangilia. Alikwenda kwa mwenyekiti, akapiga goti.

"Shikamoo, Mzee. Neno lile lilianza kwangu. Halikuwa kweli."

"Marahaba. Nimeona. Basi la Jumatatu halina kazi mtaani kwangu." Mzee Leonardi alikohoa. "Nami nilipaswa kwenda kumwuliza mtoto mwenyewe. Nilisubiri mpira uniambie."

Mwalimu Elinipa alikifunga kidole cha Marcelina kwa kitambaa, akasema, "Joanitha, kwa mwenyekiti umefika. Bado kuna nyumba moja."

Joanitha alimsindikiza Marcelina. Walimkuta mama mdogo Regina ameketi mlangoni, na pembeni yake furushi kubwa la kitenge lililofungwa kwa kamba ya nyavu: nguo za Marcelina, shuka, sufuria ndogo. Alikuwa amesikia habari za basi. Hakuja uwanjani kwa sababu alikuwa anamfungia mtoto wa dada yake mizigo.

Joanitha alieleza yote, akiinama. Mama mdogo Regina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalisukuma furushi kwa mguu.

"Fungua."

Joanitha alishika fundo. Lilikuwa fundo la mtu aliyekuwa akilia, limekazwa mara juu ya mara. Kucha zilimuuma. Alijaribu meno. Marcelina akataka kumsaidia kwa mkono wake mzima, lakini mama mdogo akamzuia.

"Mwache. Joanitha, mwanangu, kumshuku mtu si kosa. Hata mimi mchuuzi anayepima dagaa haraka haraka humshuku. Lakini humwuliza yeye. Wewe ulikuwa na swali la mtu mmoja, ukalipeleka kwa kila mtu isipokuwa huyo mmoja. Siku nyingine ukiwa na shaka na mwenzako, mkalishe chini, mwulize. Akisema anataka kuzungumza, msikilize. Maneno hufunga haraka. Kufungua ndiko kunakotoa kucha."

Fundo likaachia mwishowe. Joanitha alitoa shuka, akalitandika mwenyewe kitandani kwa Marcelina. Kisha, kwa kuwa alikuwa Joanitha, aliinama akachungulia chini ya kitanda.

"Unatafuta nini?" aliuliza Marcelina.

"Redio," alisema Joanitha. "Nataka niwe na uhakika, ndipo nikawaambie haipo."