Makombo ya Mgeni wa Dirishani

Ndege ilipaa asubuhi moja tulivu kutoka Ghuba kwenda Amerika, na hapakuwa na dalili yoyote ya kumzuia Suhaila kupanda. Hakuota vibaya wala jicho halikumcheza. Likizo yake ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, na alirudi kazini kutoka kwao Shumba Viamboni, kaskazini ya Pemba, akiwa na moyo mweupe. Sare zake zote Bi Mwatum alikuwa amezifua na kuzipiga pasi kwa mkono wake, pamoja na mtandio wa kichwani unaokamilisha vazi lile. Bi Mwatum alikuwa dada wa marehemu mama yake Suhaila, na ndiye aliyemlea tangu angali wa kunyonya. Suhaila hakumwita kwa jina jingine ila Mama.

Kazi yake ilikuwa kuhudumia abiria wa daraja la biashara, kule mbele ambako kiti hulala kikawa kitanda na chakula hakiletwi chote pamoja kwenye trei moja iliyobanana. Kule abiria hutandikiwa kitambaa cheupe. Huanza kwa taulo la moto, zikaja lozi zilizopashwa, kikaja cha kufungulia mdomo, ndipo chakula chenyewe kwenye sahani ya kauri, na baadaye kitamu na kahawa. Mkate hupitishwa kikapuni mtu akachagua. Anayehudumu husema karibu mpaka taya zikamuuma, lakini Suhaila hakuchoka. Wenzake walimtania kwamba alizaliwa akisema karibu. Si uongo sana, maana Mpemba akikukaribisha utakula hata kama umeshiba, upende usipende.

Siku hiyo, kwenye kiti cha dirishani, safu ya mwisho, alikaa mzee wa kanzu na kofia ya viua. Mikono ameiweka magotini. Suhaila akamwinamia kama anavyowainamia wote.

"Karibu sana, bwana. Naomba nikutandikie."

"Wa wapi weye, mwanangu?"

Kilikuwa Kipemba kitupu, kile cha kwao. Moyo wa Suhaila ukamruka kwa furaha. Miaka yote ile angani hakuwahi kumhudumia mtu wa nyumbani.

"Wa Shumba, babu. Viamboni."

"Nnajua," mzee akasema.

Suhaila akacheka, akadhani ni mzaha wa wazee. Akamwambia kuna mwanakondoo, kuna samaki wa kuoka na kuna kuku wa zafarani. Mzee hakutazama hata kijitabu cha vyakula. Akamwambia ampakulie aonavyo yeye. Basi Suhaila akamwandalia kwa mapenzi, kama anayemwandalia mkwe. Akampangia vijiko, akampa mkate wa moto, akamchagulia mnofu mzuri wa kondoo.

Mzee hakugusa kitu. Aliitazama sahani tu. Mvuke uliokuwa ukipanda ukakatika ghafla, kama taa iliyozimwa.

"Huli, babu? Nikuletee kingine?"

"N'shashiba. Chukua."

Ikawa hivyo kwa kila alichompelekea, mpaka kitamu cha mwisho. Sahani zilikwenda nzima na kurudi nzima.

Chakula kisichoguswa hurudi kwenye jiko la ndege, na wahudumu wenye njaa hula kilichobaki, wakubwa wao wakijifanya hawaoni. Lakini Suhaila alikuwa na lake zaidi. Nyumbani kwao kulikuwa na sharti: chakula alichoacha mgeni hakimwagwi. Tangu utoto wake, wageni wakiondoka, Bi Mwatum alimwita yeye kumalizia. Asya, binti wa kumzaa Bi Mwatum, alikuwa akifukuzwa asisogee. "Suhaila, njoo ule, mwanangu, kumwaga ni kufuru." Naye alikuwa akila huku akimwonea Asya fahari, akijua kwamba yeye yatima ndiye anayependelewa.

Basi akala makombo ya yule mzee, amesimama nyuma ya pazia.

Hayakuwa na chumvi. Hayakuwa na mafuta wala viungo. Alikuwa kama anatafuna pamba iliyolowa. Akalaumu wapishi wa huko chini, akamaliza hivyo hivyo.

Aliporudi kutoa kitambaa, mzee alimwashiria ainame. Pumzi yake haikuwa na joto.

"Nlivyoacha, umekula?"

Suhaila akaona haya. "Nimekula, babu. Nisamehe. Sikutaka vimwagwe."

"Basi," mzee akanong'ona. "Tumekwisha karibishana."

Ndege ikatua. Suhaila akasimama mlangoni kuwaaga abiria wa mbele, mmoja mmoja. Mzee hakupita. Akaenda kumtazama. Kiti kilikuwa kitupu. Akamuuliza Liza, mwenzake wa Kifilipino, kama amemwona mzee wa dirishani akishuka.

"Babu yako?" Liza akauliza.

"Si babu yangu."

Liza akaliacha blanketi alilokuwa akilikunja. Uso ukamsawijika.

"Suhaila, yule alipanda na wewe. Abiria walikuwa hawajaitwa bado. Alikuja nyuma yako, ameshika ncha ya mtandio wako."

Tangu siku ile Suhaila hakusikia tena ladha ya kitu. Embe halikuwa na ladha. Pilipili haikuwasha. Kila alichotia kinywani kilikuwa kama kimekwisha kuliwa na mtu mwingine. Madaktari walimpima wakamwambia hana ugonjwa. Njaa ikamwacha, mwili ukamwisha, sare zikawa zinamwogelea, na msimamizi wake akamwambia waziwazi kwamba akizidi kukonda hatapangiwa safari. Na hofu yake haikuwa ya kazi tu. Mtu akila asichokisikia, siku moja huacha kula kabisa. Akaomba ruhusa akarudi kwa Mama. Mtu akiumwa aende wapi?

Bi Mwatum alimpokea kwa kilio, akamkumbatia mpaka mbavu zikamuuma. Asya naye akalia. Asya alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Haitham, na nyumba nzima ilikuwa ya shangwe, vitenge vipya na udi.

Sasa ni lazima ujue kitu kuhusu Bi Mwatum. Mtaani kote alisifika kwa kutojua chumvi. Leo chakula chake ni bahari, kesho ni maji ya mvua. Kwenye shughuli aliwekwa kwenye masufuria, aoshe, asisogee mekoni. "Bi Mwatum akikupikia njoo na mtungi wako wa maji," watu walisema, naye alicheka pamoja nao.

Adhuhuri ile walikaa mkekani watatu wao, mlango wazi, jua limejaa uani. Palikuwa na wali na pweza wa nazi.

"Mama, umepika weye kweli?" Asya akasema, mdomo umejaa. "Wallahi chumvi imekaa pahala pake! Leo n'naona maajabu."

Bi Mwatum alikuwa analamba vidole. Polepole. Kimoja kimoja. Macho ameyafumba, na machozi yanamtiririka mashavuni.

Suhaila alimtazama. Hakufahamu bado. Matonge machache ya pamba yalikuwa yamemkaa kooni. Akaisukuma sahani yake.

"Huli tena?" Asya akauliza. "Lete, nimalizie miye."

Mkono wake haukufika. Bi Mwatum aliupiga kwa nguvu mpaka bakuli la mchuzi likapinduka.

"Usiguse!"

Mchuzi ukaenea mkekani, na hakuna aliyeufuta.

"Asya," Bi Mwatum akasema. "Nenda kateke maji kisimani."

Asya akatoka. Suhaila akabaki anamtazama yule mwanamke aliyemwosha, aliyemsuka, aliyekesha naye homa zote za utoto.

"Mama, umeanza lini kusikia chumvi?"

Bi Mwatum akajifunika uso kwa upande wa kanga. Akasema kwa mnong'ono.

"Yule mzee alikuwa jini wa bibi yetu. Akaja kwangu. Yeye ala mwanzo, weye wala nyuma yake. Chote utiacho mdomoni yeye keshakila. Miaka yote nlokulea, Suhaila, sijui biriani ina ladha gani. Sijui ya asali."

"Ukamleta kwangu."

"Alimtaka Asya. Tangu posa ile. Alisema miye n'shazeeka."

"Ukamleta kwangu!"

"Hasukumizwi kwa mtu, mwanangu. Sharti mtu amkaribishe kwa mdomo wake, amwandalie kwa mkono wake, kisha ale alichoacha, pasi kulazimishwa. N'kafikiri, nani atamkaribisha asomjua, akamwandalia, asimuulize jina?" Akaishusha kanga. "Ule mtandio nliuchovya kwenye maji ya ubani wake. Apate kukufuata."

Nje kuku walikuwa wanapekua mchanga, na dunia ilikuwa vile vile kama asubuhi.

"Na makombo? Yale ya wageni, tangu miye mtoto?"

Bi Mwatum akatazama mkeka.

Hapo ndipo kisu kilipozama. Kumbe halikuwa jambo la mwezi uliopita, la mama aliyebanwa na posa. Alikuwa anaandaliwa tangu hajaota meno ya ukubwani. Kila tonge alilodhani ni mapenzi lilikuwa mazoezi.

"Hukunilea," Suhaila akasema. "Ulinifuga."

"Asya nimemzaa. Ungekuwa weye ungefanyaje?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo walivyosema wa kale, lakini hawakusema asiye na mzazi aupeleke wapi wake.

"Huondokaje?" Suhaila akauliza.

"Kama alivyoniondokea miye."

Pazia likasogea. Asya hakuwa amekwenda kisimani. Alisimama pale, uso umelowa, akamtazama mama yake kama anayemwona mara ya kwanza. Kisha akapiga magoti kwenye mchuzi uliomwagika, akaivuta sahani ya Suhaila.

"Ni wangu huyu," akasema. "Alikuwa wangu tangu mwanzo."

"Asya!" Bi Mwatum akapiga ukelele.

"Babu, karibu," Asya akanong'ona, akiukusanya pamoja wali ule uliopoa. "Karibu kwangu. Chakula hichi nimekuandalia miye."

Joto la adhuhuri likapungua chumbani. Kuku wakaacha kupekua. Kitu kilisimama kati ya wale mabinti wawili, na wote watatu walikijua, na hakuna aliyethubutu kukitazama.

Suhaila alihitaji kunyamaza tu. Asya angetia tonge moja mdomoni, na yeye angerudi kwenye maembe, kwenye samaki wa kukaanga, kwenye chai ya tangawizi ya alfajiri. Angepona. Na Bi Mwatum angelipwa kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka. Haki ya Mungu, alitaka. Tonge likapanda. Likafika kidevuni kwa Asya. Bi Mwatum hakuweza hata kusogea.

Suhaila akamshika Asya mkono. Akalitoa lile tonge kwenye vidole vyake, akalila yeye. Akaivuta sahani, akala chote, punje kwa punje, pamba kwa pamba, macho hayambanduki Bi Mwatum. Alipomaliza akaipangusa sahani kwa kidole.

"Sikukusamehe," akamwambia. "Nimemhurumia huyu tu. Usifikiri nimekusamehe."

Akachukua mkoba wake. Asya alimkimbilia hadi barabarani, akilia na kumwita dada. Bi Mwatum alibaki mkekani. Majirani wanasema alilia mpaka magharibi, ila hakuacha kula.

Ndege ya kutoka Chake Chake kwenda Unguja ni ndogo, ya mapangaboi, haina kitambaa cheupe wala lozi. Hata maji hupewi. Suhaila alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, akatazama mikarafuu kule ng'ambo ya uwanja. Kiti cha pembeni yake, cha dirishani, kilikuwa kitupu. Dakika ya mwisho akaingia bwana mmoja, Abdulsamad, mfanyabiashara wa Wete, akihema, jasho linamtoka.

"Samahani, dada. Nipishe nikae hapo dirishani."

Suhaila akafungua mdomo amwambie apite. Alijua kiti kile hakina mtu. Alitaka kusema apite. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kazini, laini, yenye adabu.

"Niwie radhi, bwana. Pana mtu."

Abdulsamad akakitazama kiti. Akamtazama Suhaila. Kisha, bila kusema neno, akarudi nyuma kabisa, akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini mpaka walipotua.

Mtu aitwaye Mmanga, anayesafisha ndege zile kule Unguja, aliingia abiria walipokwisha kushuka. Mikanda yote ilikuwa imeachiwa, inaning'inia. Mmoja tu, wa kiti cha dirishani karibu na mlango, ulikuwa umefungwa na kukazwa barabara. Akaufungua kwa taabu. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea, naye akangoja uinuke, haukuinuka. Akauwekea kiganja.

Ulikuwa na joto.