Baba wa Ubatizo Aliomba Mabaki ya Sufu

Nilimvua mtu koti harusini. Mbele ya watu, ukumbini karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, na sioni aibu kuliandika.

Nina miaka ishirini na sita, mama wa binti mmoja, Grâce. Shule niliishia sekondari, Lubumbashi. Hapa Brussels nashona makoti ya wanaume katika kichumba chenye dirisha moja, Saint-Josse. Kitambaa changu ni sufu nzito inayofumwa kwa mkono na wanawake wa kisiwa kimoja cha Uskoti, kila mfumaji nyumbani kwake, kwenye mtambo unaoendeshwa kwa miguu. Ikishakaguliwa hupigwa muhuri kwa nyuma, cachet kama tunavyosema hapa. Bila muhuri haiondoki kisiwani.

Na wanaume wetu mnawajua... Koti kulivaa tu hakutoshi. Mpenda mavazi akifika kwenye sherehe anasimama, anafunua upande wa ndani, watu wausome muhuri. Ndiyo maana kipande chenye muhuri nakikata na kukishona ndani, pale kifuani.

Mabaki yenye mihuri natakiwa kuyachoma. Nilisaini hivyo kwenye mkataba na wafumaji. Sikuyachoma... Tonton Fidèle, baba wa ubatizo wa Grâce, aliniambia, "Maman Grâce, unipe ile mabaki, nitashonesha mutoto blanketi."

Nikampa mifuko miwili. Nani anamshuku mtu aliyembeba mwanawe mpaka kwenye maji ya ubatizo?

Blanketi sikuliona. Kila nikiuliza: "Bon, fundi ni mugonjwa." Kisha wateja wakaanza kupungua. Mmoja alisimama mlangoni akanicheka, eti makoti yangu yananyonyoka kama kuku wa Krismasi. Koti gani? Yule sijawahi kumshonea hata kifungo!

Ndipo ikaja harusi. Bwana mmoja akafunua koti lake, watu wakapiga makofi. Nikalishika. Jepesi, laini, kitu cha kiwandani. Lakini muhuri ulikuwa wa kweli, kingo zake zimekatwa kwa mkasi wangu wa meno. Chini yake, jina la duka langu, kwenye lebo ambayo sikuishona mimi. Nikamwambia avue. Alipogoma, nikamvua.

Nilimuuliza nani alimuuzia. Akanyoosha kidole kwenye meza ya wazee, kwa Tonton.

Tonton hata hakusimama. "Maman Grâce, acha fujo. Batu banaangaliaka cachet tu. Bale bamama ba kisiwa batajulia wapi?"

Watajulia kwangu. Jumatatu niliwaandikia mwenyewe, pamoja na kosa langu. Wamesimamisha kuniletea kitambaa mpaka uchunguzi uishe. Dirisha langu sasa ni tupu. Familia inapiga simu: mambo ya kanisa yamalizwe kanisani, mume wangu naye anasema ninyamaze. Ninyamaze, ili kazi ya mikono ya wanawake wale iendelee kupachikwa kwenye takataka?

Dada zangu, mkiambiwa chomeni, chomeni. Msimpe mtu kwa sababu tu mtoto wenu anamwita baba.

Nilikwenda polisi pia, kumshtaki Tonton. Askari aliyeandika maelezo yangu aliniuliza kama nataka kuondoa sentensi inayonitia hatiani mimi. Nikakataa. Maelezo yaliandikwa hivi:

"Namshtaki Fidèle, baba wa ubatizo wa binti yangu, kwa kutumia mihuri ya sufu ya kufumwa kwa mkono, na jina la duka langu, kuuza makoti ya kiwandani. Mihuri nilimpa mimi, kinyume cha mkataba nilioutia saini. Niko tayari kuulizwa. Sitaki suluhu ya kifamilia."